Wanasesere Mashujaa: Kuwakusanya na Kuwalinganisha Ukiwa Nairobi

Sanduku la mwanasesere shujaa huahidi mengi. Humwonyesha Wonder Woman kainua ngao, goti kalikunja, kamba i tayari kurushwa. Ukimtoa unakuta mkono mnyoofu kama mwiko, usiokunjika popote ila begani. Ndiyo maana mkusanyaji mzoefu halinganishi masanduku wala umaarufu wa mhusika. Analinganisha miili: viungo, nyayo, kichwa na nywele.

Shikilia ukubwa mmoja kwanza

Barbie, aliyezinduliwa na Mattel mwaka 1959, ana inchi 11.5, yaani sentimita 29 hivi, takriban moja kwa sita ya urefu wa mtu. Anayeanza abaki kwenye ukubwa huo. Nguo, stendi na silaha ndogondogo zitahamishika kutoka kwa mmoja hadi mwingine, na vipimo vyako vitakuwa na maana.

Mashujaa wa ukubwa huo au karibu nao si haba. DC Super Hero Girls wa Mattel waliingia madukani mwaka 2016 wakiwa na inchi 12: Wonder Woman, Supergirl, Batgirl, Bumblebee, Harley Quinn na Poison Ivy. Uangalie mwaka, kwa sababu mfululizo wa katuni wenye jina hilohilo ulichorwa upya mwaka 2019 na maumbo yakabadilika. Hasbro walitoa Star Wars Forces of Destiny mwaka 2017, inchi 11, wakiwemo Rey, Leia, Jyn Erso na Sabine Wren. Kwa mashujaa waliopata kuishi kweli kuna Barbie Inspiring Women, mfululizo ulioanza 2018 na Amelia Earhart, Frida Kahlo na Katherine Johnson, mwanahisabati wa NASA. Wa kwetu zaidi ni Jane Goodall wa mwaka 2022, mwenye shati na kaptura ya kaki, darubini, daftari na sokwe David Greybeard. Goodall mwenyewe alifika Kenya mwaka 1957, kabla ya kuanza utafiti wake Gombe mwaka 1960.

She-Ra wa Mattel wa mwaka 1985 ana inchi 5.5 tu, kwa hiyo mpe rafu yake. Vilevile wengi Nairobi humtafuta Nakia wa filamu ya Black Panther kwa sababu ya Lupita Nyong'o aliyemwigiza, wakaletewa yule wa Marvel Legends. Huyo ni wa inchi 6, na sehemu kubwa ya mavazi yake imeumbwa kwa plastiki pamoja na mwili. Ni kazi nzuri, ila si mwanasesere wa kuvishwa, na ukimpima pamoja na Barbie utapata jedwali lisilosema kitu.

Gikomba, Toi na Nyamakima

Wa mtumba hupatikana katika masoko ya Gikomba na Toi, wakiwa wamechanganyika na dubu na magari ya plastiki katika robota la vitu vya watoto. Muulize muuzaji siku anayofungua robota, ufike asubuhi hiyohiyo, kwa maana mali ya kamera, yaani iliyo bora kuliko zote robotani, haikawii. Usimnyanyue unayemtaka ukaanza kumsifu. Okota wanne au watano, uliza bei ya wote, kisha rudisha wawili na uulize tena. Aliyenyolewa na mtoto asikukimbize: ukihitaji mwili wenye rangi hiyo ya ngozi, bei yake ndiyo nzuri zaidi pale mezani.

Kabla ya kulipa, dakika mbili zinatosha. Zungusha kichwa, kikishuka hadi kukalia mabega, kishikio cha shingo kimevunjika. Kunja magoti. Miguu ya mpira ya zamani hulia "tik" inapokunjwa, na ikikataa kusimama ilipokunjwa, kifaa cha ndani kimekatika na hakitengenezeki bila kupasua mguu. Angalia vidole na ncha za miguu kama vimetafunwa. Halafu bonyeza karatasi ya shashi utosini kwa sekunde kumi. Ikitoka na doa la mafuta, ni gundi. Wanasesere wengi wa Mattel wa miaka ya 2000 na baadaye walimiminiwa gundi ndani ya kichwa ili nywele zishike, na miaka ikipita gundi hiyo hupenya mashinani mwa nywele. Utaiosha leo, itarudi baada ya miezi. Lipa kidogo au mwache.

Kamukunji na Nyamakima kuna wapya wa bei nafuu, na wengi ni nakala. Finya paja: likibonyea, ni tupu ndani. Mshono wa kiwandani utauona ukishuka kutoka nyongani hadi kifundoni. Fungua nywele katikati ya kichwa. Za nakala mara nyingi zimepandwa pembeni tu, utosi u wazi. Maneno "Made in China" hayathibitishi lolote, kwa kuwa hata wa Mattel hutengenezwa China na Indonesia. Tafuta jina la kampuni mgongoni au kiunoni. Nakala hizi zina faida yake, hasa nguo na viatu, lakini usiziandike kwenye daftari la ulinganisho.

Tarehe ya mgongoni

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mwanasesere aliyeandikwa 1966 mgongoni huuzwa kama wa kale, ilhali mwaka huo ni wa hakimiliki ya umbo la mwili, na umbo hilo liliendelea kutumika kwa miongo kadhaa. Linganisha na alama ya kichwa, iliyo kisogoni chini ya nywele au ndani ya ukingo wa shingo. Mwaka wa kichwa nao ni wa kuchongwa kwa sura, si wa kutengenezwa kwa huyo uliyemshika. Unachojua kwa hakika ni kwamba hakuundwa kabla ya mwaka ulio wa karibuni zaidi kati ya hiyo miwili. Nchi ya kutengenezwa, rangi ya midomo na aina ya mkono ndivyo vitakavyokusogeza karibu na ukweli.

Sura pia huhama kutoka mhusika mmoja hadi mwingine. Mbunifu Byron Lars alitengeneza Barbie watano wa Treasures of Africa, Moja hadi Tano, kati ya 2001 na 2005. Sura iliyochongwa kwa ajili ya Mbili imetumika tena kwa wanasesere wengi Weusi. Ukiona mashujaa wawili wanafanana kama pacha, soma visogo vyao kwanza.

Kusafisha kabla ya kupima

Vua nguo zote, zifungie pamoja na mwanasesere katika chombo chenye kifuniko, uweke kwenye friza saa 48. Mtumba una wadudu wake. Baadaye tumia maji ya uvuguvugu lita moja, matone mawili ya sabuni ya vyombo na mswaki laini. Usimzamishe mzima, maana maji huingia magotini na nyongani, hayatoki, na ukungu huota humo.

Nywele huchanwa kutoka ncha kwenda juu, kwa kitana cha chuma cha wigi, zikiwa na dawa ya kulainisha nguo iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu. Zikibaki zimejikunja, mimina maji ya moto juu ya nywele pekee. Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi kwa sababu ya mwinuko, na bado ni moto kupita kiasi. Yaache kwenye birika dakika tano. Nywele za sarani au nailoni zitatii. Zikiwa za polipropilini, zile kavu zinazofanana na nyuzi za kamba, hazitatii, na kuongeza moto huziharibu kabisa. Acha zikauke siku nzima.

Doa la wino kwenye vinyli, yaani plastiki laini ya mwanasesere, haliondoki kwa sabuni. Nunua kwa duka la dawa jeli ya chunusi yenye benzoili peroksaidi asilimia 10, paka nene juu ya doa, funika kwa karatasi ya plastiki ya jikoni, weka juani saa tatu hadi tano. Angalia kila jioni, rudia kwa siku kadhaa. Isiguse rangi ya uso. Na kwa ngozi nyeusi, kama ya Bumblebee au Katherine Johnson, jihadhari sana: dawa hiyo hupausha vinyli yenyewe, ukabaki na baka jeupe mahali palipokuwa na doa dogo. Jaribu nyuma ya paja. Dawa ya kuondoa rangi ya kucha isikaribie mwili wowote. Asetoni huyeyusha plastiki ya kifua na kufuta macho kwa mfuto mmoja.

Ulinganisho wenyewe

Fungua ukurasa mmoja kwa kila mwanasesere. Futi ya fundi cherehani ni pana mno, kwa hiyo zungushia uzi, weka alama, kisha unyooshe kwenye rula na uandike kwa milimita: urefu bila viatu, kichwa, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa unyayo. Zidisha kwa 6 upate mtu mzima. Kiuno cha milimita 90 kinakuwa sentimita 54, na hapo ndipo utaona ni kampuni ipi iliyompa shujaa wake mwili wa mtu anayeweza kuinua upanga.

Usidhani Barbie wote huazimana nguo. Tangu 2016 kuna maumbo manne, yaani la kawaida, refu, nene na fupi, na suruali ya mmoja hugoma kwenye nyonga za mwingine.

Halafu viungo. Barbie wa bei ya chini huzungukia mahali patano tu: shingo, mabega mawili, nyonga mbili. Barbie wa Made to Move, aliyetolewa 2015, ana viungo 22. DC Super Hero Girls wa 2016 na Forces of Destiny wako katikati, wakiwa na viwiko na magoti ya kukunjika. Lakini idadi pekee hudanganya. Kiungo kisichofika mbali ni cha mapambo. Jaribu haya: je, kiwiko kinapita pembe mraba? Mikono miwili inashika fimbo moja mbele ya kifua? Anapiga goti moja bila kuegemea? Anasimama peke yake kwa dakika moja kwenye meza? Jaribio la mwisho ndilo gumu. Nyayo zilizoinuliwa kwa ajili ya visigino virefu humwangusha hata mwenye viungo vingi, na kichwa kizito humwinamisha mbele.

Kwetu sisi, anayesimama na kushika silaha yake amempita aliyepakwa rangi nzuri zaidi. Ikiwa sura unayoipenda iko kwenye mwili usiokunjika, hamisha kichwa kwenye mwili wa Made to Move wenye rangi ileile, ukivilinganisha mchana dirishani, maana taa za nyumbani huficha tofauti. Zamisha kichwa kwenye maji ya moto dakika mbili, kifinye pande zote, kisha kivute taratibu ukikiyumbisha. Ukivuta kikiwa baridi, kishikio cha shingo kinakatika. Hifadhi mwili wa asili ukiwa na karatasi ya jina, kwa sababu mnunuzi wa baadaye atauulizia.

Picha za ulinganisho zipigwe zote kwa namna moja. Kunja karatasi ya manila nyeupe iwe ukuta na sakafu kwa pamoja, karibu na dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Simu iwe mita moja na nusu, usawa wa kiuno cha mwanasesere, ukikuza mara mbili; ukiisogeza karibu, kichwa huonekana kikubwa kuliko kilivyo. Weka rula pembeni.

Rafu, nguo na vitu vya kuagiza

Jua la Nairobi ni kali kuliko hali yake ya hewa inavyoonyesha, kwa hiyo rafu iwe mbali na dirisha. Toa mipira na vitanzi vya plastiki vilivyowafunga sandukuni, kwani huacha alama za kudumu mikononi. Vinyli isilale juu ya vinyli nyingine. Kilainishi chake hutoka na kuzigandanisha. Gazeti nalo huhamisha wino.

Ukitaka nguo za kitenge, chagua Biashara Street kitambaa chepesi chenye maua madogo, kwa sababu ua la upana wa kiganja hufunika gauni zima. Kifue mpaka maji yatoke safi, na fundi aweke bitana nyeupe ya pamba, la sivyo rangi itaingia kwenye ngozi ya mwanasesere.

Ngao, kamba na panga zilizopotea kwa kawaida huagizwa nje. Ushuru wa forodha na VAT ya asilimia 16 hukokotolewa juu ya bei pamoja na usafiri, hivyo upanga mmoja mdogo ukija peke yake huishia kuwa ghali kuliko mwenye kuushika. Subiri mpaka uwe na orodha, agiza kwa kifurushi kimoja, na umwombe muuzaji picha ya kila kitu kikiwa kando ya rula.