Dalali, ihamie nyumba kabla ya mteja

Mpangaji wa Dar anatoa kodi ya miezi sita kwa mkupuo, wengine mwaka mzima. Hela hiyo ikishaingia mkononi mwa mwenye nyumba, kuirudisha ni kazi. Ndiyo maana kabla sijampeleka mtu naingia kwanza peke yangu, na kichwani naishi humo siku nzima, toka alfajiri hadi usiku wa manane. Vijana wanaoanza udalali huku kwetu Sinza nawaelekeza hivyo hivyo.

Kwanza jua unaishi kama nani. Mteja akipiga simu usiishie kwenye bajeti na idadi ya vyumba. Uliza mko wangapi, nani anatoka mapema, nani anashinda nyumbani, mnapikia gesi au mkaa, kuna pikipiki ya kulaza ndani. Bibi mwenye magoti yanayouma na kijana wa bodaboda hawaoni nyumba moja hata kama kodi ni ile ile. Bibi anahesabu ngazi. Kijana anataka kujua geti linafungwa saa ngapi na nani anashika ufunguo.

Ukishaingia, simama katikati ya chumba cha kulala ukipange. Madalali wengi hapa wanapita mbio, na mimi nasema hapa ndipo penye kazi yenyewe. Chukua chumba cha futi 10 kwa 10. Kitanda cha 6 kwa 6 ukikisukuma kwenye kona, ubavuni unabaki ukanda wa futi 4. Kabati la nguo linakula kama futi 2. Zimebaki 2 za kupita, na mlango wenye upana wa karibu futi 3, ukifungukia ndani, utagonga kabati au kitanda, kutegemea bawaba ziko upande gani. Sasa mlaze mtoto mchanga pale kitandani, mama yake ameshika beseni la maji ya moto, umeme umekatika. Anapita wapi? Natembea njia hiyo kwa miguu yangu, mikono nimeitanua kwa upana wa beseni. Nikitoka hapo naweza kumwambia mteja, "Dada, kitanda kitaingia, kabati litakaa sebuleni." Hilo alisikie kabla kirikuu hakijashusha vitu.

Jua nalo linataka ufuatiliaji. Ukuta unaotazama magharibi unapigwa mchana hadi jioni, na joto lake mpangaji analala nalo. Rudi saa kumi jioni uweke kiganja ukutani kwa ndani. Upepo wa Dar unatoka upande wa bahari: kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, kusi kutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo dirisha la mashariki lina bahati, ila kama limetazamana na ukuta wa jirani kwa umbali wa mkono, usimwambie mtu kwamba chumba kina hewa. Na kama juu ni bati tupu bila dari, kumbuka mtoto atakayefanya kazi za shule mvua ikinyesha.

Maji na umeme nenda haraka lakini usiruke. Fungua kila koki. Waulize wapangaji waliopo maji ya DAWASA yanatoka siku gani na saa ngapi. Wakisema usiku, jione unaamka saa tisa usiku kukinga ndoo. Kuna simtanki, na nani analijaza? LUKU, yaani mita ya umeme wa kulipia kabla, ni ya peke yako au mnachangia? Familia nne kwenye LUKU moja, mmoja anauza barafu, mwingine ana taa mbili tu: huo ni ugomvi wa kila mwezi.

Kuna mambo ambayo mchana wa Jumanne hautakuonyesha. Baa ya jirani huwa kimya. Pita Ijumaa saa tano usiku usimame dirishani. Masika ni Machi hadi Mei, na ukienda kiangazi lazima uyatafute maji kwa macho: rangi mpya iliyopakwa nusu ya chini ya ukuta tu, chumvi inayochipua kwenye plasta, mlango wa mbao uliovimba kwa chini. Kisha kamuulize mama ntilie wa kona bajaji zinaishia wapi mvua ikikolea. Yeye hana kamisheni kwenye nyumba hiyo.

Ukiwa na hayo yote, mpeleke mteja, na umwambie mazuri na mabaya mkiwa bado njiani, si baada ya kuipenda sebule. Wengine watakataa pale pale. Sawa, utampeleka kwingine, na huyo ndiye atakayempa dada yake namba yako.

Mwenye nyumba akilalamika kwamba unamharibia soko, mpe orodha ya vitu vya kurekebisha na uanze na vya bei nafuu. Kugeuza mlango ufunguke upande wa pili ni kazi ya fundi ya muda mfupi. Kumtengea kila mpangaji mita yake kuna gharama zaidi, lakini chumba chenye LUKU yake hakikai wazi muda mrefu, na hilo mwonyeshe kwa vyumba vya mtaa huo huo.