Kijana wa mabati akishakaa kwenye kochi

Wiki mbili baada ya kiinua mgongo changu kuingia benki, vijana watatu wa mabati, wawili wa madirisha ya alumini na mmoja wa jipsam walikuwa tayari na namba yangu ya simu. Habari hizi hupita njia gani sijui. Wote walianza na "shikamoo mama yangu". Na paa langu lilikuwa linavuja kweli. Tuko Kigamboni, bahari haiko mbali, na chumvi ilianza kula misumari, ikaja kwenye matundu ya misumari, ikamalizia bati lenyewe. Nina shida, nina hela, na kusema "hapana" kwa mtoto wa watu aliyeniamkia vizuri sikuwa naweza. Muuzaji king'ang'anizi hahitaji zaidi ya hayo.

Nilifundisha hisabati sekondari, kwa hiyo naanza na rula. Kabla hujampigia mtu yeyote, pima mwenyewe. Nyumba yangu ni mita 10 kwa 12. Paa linatokeza sentimita 60 kila upande, kwa hiyo chini ya paa ni mita 11.2 kwa 13.2, karibu mita za mraba 148. Paa limelala kwa mteremko, si bapa, hivyo nikazidisha kwa 1.1, ambayo inatosha kwa mteremko wa nyuzi kama 25. Nikapata 163. Wako ukiwa mkali zaidi, namba hiyo inapanda, ila kwa kuanzia inatosha. Iandike kwenye karatasi uiweke mfukoni. Usimwonyeshe mtu.

Sasa hapa ndipo wengi tunapoliwa. Duka moja litakupa bei ya mita ya mraba, jingine bei ya mita ya urefu, na wewe utaona ya pili ni rahisi kumbe si rahisi. Bati likipigwa linapandia jirani yake, kwa hiyo upana unaoulipia si upana unaofunika. Muulize muuzaji: "Likishapandiana linabaki sentimita ngapi?" La kwangu lilikuwa linabaki 80. Gawanya 163 kwa 0.8, unapata mita 204 za urefu. Paa langu ni la mgongo wa tembo, lenye miteremko miwili tu, halina makato mengi, nikaongeza kidogo nikafika 216. Paa lenye kona na mabonde lina mabaki mengi zaidi, usije ukamwita fundi wako mwizi bure. Kijana wa kwanza aliniandikia mita 262. Kwa bei yake ya shilingi 27,000 kwa mita, hizo 46 za ziada ni shilingi 1,242,000. Nilipomuuliza zinaenda wapi akasema, "Mama, hizo ni za tahadhari." Tahadhari ya nani?

Jambo la pili la kujua mapema ni bati lenyewe. Geji, ile namba ya unene wa bati, inakwenda kinyume: namba ikipanda, bati linakuwa jembamba, yaani 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 kuliko 28. Lakini usiishie kwenye geji, dai unene kwa milimita na uandikwe kwenye karatasi, maana neno "geji 28" mdomoni ni rahisi sana. Kwa sisi wa pwani uliza pia kuhusu mipako. Ukiona AZ 150, maana yake ni gramu 150 za mchanganyiko wa alumini na zinki kwa mita ya mraba, pande zote mbili kwa pamoja. AZ 70 ni chini ya nusu yake. Rangi ya juu inaweza kufanana kabisa. Kijana atakusifia rangi nusu saa nzima, wewe rudi kwenye gramu.

Akija kupima, mpokee barazani. Nasema hivi nikijua ni aibu kwa mila zetu, na mara ya kwanza nilishindwa: nilimkaribisha sebuleni, nikamletea chai na maandazi, akakaa saa mbili na nusu. Mtu aliyekula kwako humwambii aondoke, naye anajua. Siku hizi namwambia kwenye simu, kabla hajapanda pantoni: "Karibu mwanangu, upime, uniulize unachotaka, bei utanitumia kwa WhatsApp kesho. Leo sizungumzi hela." Siku ya kupima na siku ya bei zisiwe siku moja. Hili peke yake limenisaidia kuliko mengine yote.

Ataleta maneno yake, na yanafanana wote. "Ofa inaisha leo saa kumi." Mjibu kwamba kama bei ya leo ni ya kweli, aiandike kwenye profoma, karatasi ya bei kabla ya malipo, na aseme ni ya siku ngapi. "Dola inapanda." Inawezekana, ila haipandi usiku mmoja kwa kiasi cha kukufanya usilale. "Gari letu liko mtaa wa pili, tukishusha leo usafiri bure." Hilo nakuja nalo. Na lile la "masika yanakuja mama" ndilo baya zaidi, kwa sababu ni kweli: mvua za Machi hadi Mei hazimsubiri mtu. Dawa yake ni kutafuta bei Juni au Julai, jua likiwa linawaka na hakuna mvua ya kukukimbiza. Mimi nilianza Februari. Usinifuate.

Kuna kosa letu sote: hatusemi hapana, tunasema "tutaona", "nitakupigia", "Mungu akijalia". Kwako ni adabu, kwake ni mlango uko wazi, na atapiga simu kila asubuhi hadi umchukie. Sema hivi, polepole, huku unatabasamu ukitaka: "Mwanangu, sitoi hela wala sisaini kitu siku ya kwanza. Hata ungeniuzia dhahabu." Akiuliza kwa nini, usimpe sababu. Ukisema hela haijatosha, atakuletea mpango wa kulipa kidogo kidogo. Ukisema unamsubiri baba watoto, atamsubiri naye, palepale barazani.

Kuhusu gari. Kijana wa tatu alipokuwa anaondoka nilimwambia, "Haya, leteni na sampuli nione." Kesho yake lori lilisimama getini na nusu ya mabati, na dereva anadai hela ya mafuta. Eti mama alisema leteni. Nikagoma kufungua geti, majirani wakatoka, likageuza. Tangu siku hiyo "haya" nimelifuta kabisa kwenye mazungumzo ya biashara. Makubaliano ya mdomo nayo ni makubaliano, na dereva hakuwepo wakati unaongea.

Fundi wako mwenyewe usimsahau. Akikwambia "twende duka hili, nawafahamu", huenda anawafahamu kweli, na huenda cha juu chake kimeshawekwa kwenye bei. Gerezani na Kariakoo winga, yaani dalali wa mtaani, anakudaka kabla hujavuka barabara, na duka atakalokupeleka linamlipa yeye kwa hela yako. Mimi simlaumu fundi kutafuta riziki. Nilimwambia wazi: "Ufundi wako tumekubaliana, nitakulipa kwa hatua: kenchi, zile mbao zinazobeba paa, zikirekebishwa, bati likipigwa, kofia za juu ya mgongo wa paa zikifungwa. Vifaa nanunua mwenyewe." Akanuna siku moja, kesho akaja na nyundo.

Kotesheni ziwe tatu, na zote zijibu maswali yaleyale: unene kwa milimita, mipako, upana unaofunika, mita ngapi, kofia na misumari ndani au nje, usafiri hadi Kigamboni, na kama kodi ya VAT imo au bado. Moja yangu ilikuwa ya chini kuliko zote mpaka nilipoongeza VAT na usafiri. Ukilipa, dai risiti ya mashine ya EFD. Anayekwambia "bila risiti nakupunguzia" anakuambia pia kwamba bati likianza kutoa kutu hamjuani.

Wawili uliowakataa waandikie siku hiyohiyo, usiwaache wananing'inia. Mimi niliandika: "Mwanangu, nimeshanunua kwingine. Asante kwa muda wako. Naomba usinipigie tena kuhusu paa." Mmoja hakujibu. Yule wa mita 262 alijibu baada ya dakika moja:

"Sawa mama yangu, hongera. Na madirisha vipi?"