Kumzoesha farasi kijana mwenye woga kukubali tandiko: kazi yote iko kwenye mkanda

Kuna kijana anatunza farasi upande wa Sanya Juu, ananipigia simu karibu kila jioni. "Kaka, tandiko anakubali. Nikigusa mkanda tu ananigeuzia makalio." Nimemwelekeza kwa simu mpaka nimeona heri niandike yote mahali pamoja, kwa sababu swali hilohilo naulizwa na masaisi (watunza farasi) wengine hapa Usa River.

Jibu fupi ni hili: farasi wengi hawaogopi tandiko. Tandiko ni kitu kimewekwa mgongoni, likimkera atajitikisa lianguke. Anachoogopa ni kubanwa mbavu na kitu kisichoachia. Huyu ni mnyama wa kuwindwa, na kwa mababu zake aliyewashika mgongoni na kifuani kwa pamoja alikuwa anataka nyama. Kwa hiyo nitapita haraka kwenye tandiko lenyewe na kukaa sana kwenye mkanda wa tumbo, ule unaopita chini ya kifua kulishikilia tandiko.

Nachukulia kwamba farasi wako anashikika, anaongozwa na hatamu bila kuvutana, na anainua miguu ukimsafisha kwato. Kama hayo bado, anza nayo kwanza.

Kabla hujagusa chochote

Umri. Kumzoesha tandiko tupu akiwa na miaka 3 si tatizo. Kumpandisha mtu mzima kila siku ni habari nyingine, maana mifupa ya uti wa mgongo ndiyo inayochelewa kukomaa kuliko yote, mpaka miaka 5 au 6 hivi. Bosi akikuharakisha, mweleze hilo kwa adabu lakini mweleze.

Afya. Daktari wa mifugo amkague mgongo na meno. Kama amechanjwa karibuni, mpumzishe kwa muda atakaosema daktari. Halafu kuna jambo ambalo kwa mazingira yetu sijawahi kuliruka: kupe. Wanapenda ile ngozi laini nyuma ya viwiko vya miguu ya mbele na katikati ya kifua, palepale mkanda unapopita. Brashi haiwatambui. Pitisha vidole taratibu, utahisi kijipele kigumu, na mara nyingi kidonda kidogo pembeni yake. Farasi mwenye kidonda hapo akikataa mkanda, hana woga, ana maumivu. Mtibu, ngoja ngozi ipone, ndipo mrudi uwanjani.

Saa. Asubuhi, kati ya saa 1 na saa 3. Wakati wa kiangazi upepo wa mchana upande wa Boma Ng'ombe unaleta vumbi na visulisuli, na farasi mwoga anasikiliza upepo kuliko anavyokusikiliza wewe. Jioni sitaki kabisa. Usubi wanaoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika huuma zaidi kuanzia jua likizama mpaka alfajiri, na muda huo farasi awe bandani.

Mahali. Uwanja wa duara wa kipenyo cha mita 15 hadi 20, uzio wa mapole ya mikaratusi au mbao. Kama uzio ni seng'enge, usianze. Masika udongo ukiteleza, usianze pia. Weka karibu farasi mzee mtulivu ambaye huyu mdogo anaweza kumwona. Kama hayupo, hata punda anafaa, ila wawe wamezoeana.

Vifaa, na hapa nina msimamo

Kamba ya pamba, nene kama kidole gumba, moja ya mita 4 na nyingine ya mita 8 hivi. Ya manila sitaki, ikivutwa ghafla inachoma kiganja hata ukiwa na glavu. Ya katani ina miba na inakakamaa ikilowa. Kitu pekee ninachoipendea katani ni kipande chembamba cha kufungia magunia: ukilazimika kumfunga farasi, funga kitanzi cha uzi huo kwenye nguzo na umfunge farasi kwenye kitanzi. Akishtuka kinakatika uzi, si shingo. Lakini katika somo hili hafungwi popote. Ana mtu wa kumshika, basi.

Blanketi jepesi la mtumba. Soko la Memorial pale Moshi hukosi. Shuka la Kimasai. Kiroba cha sandarusi. Glavu, viatu vilivyofunika vidole, kofia ngumu hata kama hupandi.

Tandiko liwe jepesi, la aina ya Kiingereza, kilo 5 hadi 8. Lile la Kimarekani lenye pembe mbele linaweza kupita kilo 15, na ukilirusha mgongoni kwa farasi mwoga umejitafutia wiki za kurudi nyuma. Mkanda wa tumbo uwe na mpira ncha zote mbili au usiwe na mpira kabisa. Wenye mpira upande mmoja unavuta tandiko pembeni. Kagua nyuzi za kila kifungo, na kama zimelegea mpelekee fundi viatu azishone upya kwa uzi wa nta. Ni hela ndogo.

Mjeledi uache nyumbani.

Hatua ya 1: Blanketi na shuka

Mnusishe, mguse nalo begani, liondoe kabla hajaondoka yeye. Hapo pa kuondoa kwanza ndipo penye somo: anajifunza kwamba akitulia, kitu kinaenda zake. Rudia ukisogea shingoni, mgongoni, makalioni, tumboni. Ukimaliza kushoto, nenda kulia na uanze tangu mwanzo, kana kwamba hamjafanya kitu. Macho yake yako pembeni mwa kichwa, na kitu alichokizoea upande mmoja anaweza kukishtukia upande wa pili.

Baada ya blanketi, shuka, ukiliacha lipepee. Hilo atakutana nalo kila siku barabarani. Mwisho kiroba cha sandarusi, kwa sababu ya kelele zake.

Usimsome kwa masikio peke yake. Tazama ubavu na mdomo. Farasi aliyetulia anapumua mara 8 hadi 16 kwa dakika. Ukiona ubavu umesimama, amezuia pumzi, kidevu kimekunjamana na kichwa kimepanda, ujue amesimama lakini hajakubali. Wengine wakiona farasi analamba midomo wanashangilia. Mimi hilo halinidanganyi. Linaweza kuwa ni mnyama anashuka kutoka kwenye woga. Ngoja pumzi irudi, halafu endelea.

Hatua ya 2: Kamba kifuani

Hii ndiyo hatua ambayo watu wanairuka, na ndiyo iliyomkwamisha yule wa Sanya Juu.

Msaidizi amshike farasi kwa hatamu, asimame upande uleule uliopo wewe. Ukiwa kushoto, naye kushoto, ili farasi akiruka awe na njia ya kwenda kulia pasipo mtu. Msaidizi asiongee na simu, asirekodi video.

Pitisha kamba ya mita 4 juu ya mgongo, nyuma kidogo ya kinundu cha mabegani. Inama begani mwake, kamwe si nyuma ya tumbo, uidake ncha inayoning'inia upande wa pili kwa kutumia fimbo fupi yenye ndoano, usinyooshe mkono chini ya tumbo lake ukiwa umejikunja. Sasa una ncha zote mbili mkononi, na kamba imezunguka kifua. Usifunge fundo. Usizungushe kamba kiganjani. Faida yote ya hatua hii ni kwamba unaweza kuachia kwa nukta moja, kitu ambacho bakoli (kifungo cha chuma) ya mkanda haitakupa.

Vuta taratibu mpaka kamba iguse ngozi pande zote. Ngoja. Akibaki ametulia na akapumua, legeza papo hapo na msugue shingo. Vuta tena, kidogo zaidi. Ngoja, legeza.

Sasa, akisogea ufanyeje? Hapa ndipo maelezo ya simu yanaposhindwa. Akisogea hatua mbili tatu kwa wasiwasi, usilegeze na usiongeze. Nenda naye ukiwa begani, mkazo uleule, mpaka miguu isimame, kisha legeza hapohapo. Ukilegeza wakati anasogea, umemfundisha kwamba kukimbia ndiko kunakofungua mkanda, na somo hilo farasi halisahau. Lakini akipagawa kweli, akiinuka miguu ya mbele au kurusha mateke, achia ncha moja kamba ichomoke. Hakuna ushindi wa kuvutana na mnyama wa kilo 400. Mpe muda, kisha anza upya kwa mkazo ambao jana aliukubali bila shida, hata kama ni wa kugusa tu.

Tofauti kati ya wasiwasi na kupagawa utaiona kwenye miguu kabla ya kichwa. Mwenye wasiwasi anasogea lakini bado anakuzunguka, sikio moja liko kwako. Aliyepagawa amekusahau.

Fanya hivi pande zote mbili. Halafu mwongoze atembee kamba ikiwa imebana kidogo, kwa sababu kifua kikitembea kinapanuka na mkazo anauhisi upya. Farasi wengi wanaosimama vizuri hulipuka hatua ya kwanza ya kutembea, si wakati wa kufungwa.

Usihamie hatua inayofuata mpaka siku kadhaa mfululizo akubali kamba kwa mkazo wa mkanda halisi, akiwa anapumua. Bosi atasema unacheza na kamba. Mwache aseme.

Hatua ya 3: Mkanda peke yake

Mkanda wa mwili usio na tandiko, juu ya blanketi. Kama huna, unganisha mkanda wa tumbo na ukanda wa ngozi. Ukikaza ufike mahali hauwezi kuteleza kuelekea tumboni, kisha mwache azunguke uwanjani kwa kamba ndefu. Akiruka, aruke, wewe zunguka naye bila kelele. Kwa kuwa hakuna kitu cha kupinduka, hata akirukaruka hakijamtokea kibaya.

Hatua ya 4: Tandiko

Vikuku (vyuma vya kukanyagia miguu) vipandishwe na kufungwa visigonge ubavu. Mnusishe. Liweke mbele kidogo ya mahali pake, kisha liteleze nyuma ili manyoya yalale. Usilisukume mbele kamwe. Liondoe. Liweke tena. Ukiwa umefanya hatua ya 1 vizuri, hapa hakuna hadithi.

Hatua ya 5: Kufunga mkanda wa tandiko

Mkanda ufungwe kwanza upande wa kulia, uning'inie. Rudi kushoto, uuvute chini ya kifua, upite upana wa kiganja nyuma ya kiwiko. Funga bakoli ya kwanza kwenye tundu la chini, halafu ya pili. Kaza tundu moja, ngoja apumue, tundu jingine. Pandisha kwa zamu kushoto na kulia ili tandiko lisiende upande.

Watu wapole hukosea hapa kwa huruma. Wanaacha mkanda umelegea kwa sababu farasi ni mwoga, farasi anasogea, tandiko linazunguka na kuning'inia tumboni kati ya miguu. Farasi aliyepatwa na hilo anaweza kuchukua miezi kumrudisha. Kwa hiyo ukishafunga bakoli ya kwanza, msaidizi haondoki na farasi hasogei mpaka mkanda umekaza kiasi cha kushikilia tandiko: vidole viwili vilivyolala vipite kwa shida. Ndiyo maana nilisisitiza kamba. Kama hawezi kuvumilia mkazo huo akiwa amesimama, hajafika hatua hii.

Na wengine wanajaza upepo wakifungwa, kisha wakitembea mkanda unalegea. Mtembeze mzunguko mmoja mdogo mkononi, angalia tena, kaza tundu moja. Mwisho vuta kila mguu wa mbele kuelekea mbele ili mikunjo ya ngozi itoke chini ya mkanda. Mkunjo uliobanwa unachubua siku hiyohiyo.

Asubuhi za baridi za Juni na Julai huku Arusha, wengine hukunja mgongo mkanda ukikazwa. Watembeze kwanza na blanketi dakika 10 kabla ya tandiko.

Hatua ya 6: Kutembea

Kutembea, kusimama, kugeuka pande zote, kisha troti (mwendo wa mchakamchaka) kwa kamba ndefu. Akizoea, teremsha vikuku vipige ubavu taratibu. Kipindi kizima kisizidi dakika 20 au 30. Kumpanda ni somo jingine, sitaligusa hapa.

Hatua ya 7: Kuvua

Legeza tundu moja moja kama ulivyokaza, usifungue ghafla. Inua tandiko, usiliburute. Kisha tazama jasho kabla hujamwogesha. Likiwa limeenea sawa chini ya tandiko, vizuri. Ukiona kiraka kikavu katikati ya jasho, mara nyingi tandiko linagandamiza hapo. Badilisha tandiko kabla ya kipindi kinachofuata, na ubonyeze mahali hapo kwa vidole kesho yake asubuhi uone kama anashtuka.