Filamu ya eksirei ikitoka ya kijivu, usiguse namba kwanza

Wiki iliyopita kijana anayejifunza kazi kwetu hapa Tabora aliniletea picha ya goti, kijivu tupu, mfupa umezama kwenye nyama. "Kaka, nipunguze mAs au kilovolti?" Hizo ni namba za mashine: mAs ni kiasi cha mionzi, kilovolti ni nguvu yake ya kupenya. Nikamwambia aache mashine kwanza. Haya ndiyo niliyomwelekeza, kwa sisi tunaosafisha filamu kwa mkono.

Hatua ya 1: Tengeneza ngazi ya kujaribia mashine. Omba mabaki ya alumini kwa fundi madirisha, vipande vya unene mmoja, uvipange kama vidato, kila kidato kikizidi kilichotangulia kwa kipande kimoja. Weka juu ya kaseti, yaani kasha lenye filamu, piga. Mashine haijaribiwi kwa mtu, hata mwenzako akijitolea.

Hatua ya 2: Tafuta mahali ambapo mionzi haikufika. Hapa nilipoteza asubuhi nzima, Oktoba moja, joto la kabla ya mvua. Picha zilitoka nzito, nikashusha mAs kutoka 10 hadi 8, kisha 5. Mfupa ukazidi kupotea. Wagonjwa watatu walirudiwa picha, na hilo linaniuma mpaka leo, maana kila marudio ni mionzi mwilini mwa mtu. Nilipoinua filamu ya sita kwenye taa ndipo nikaiona herufi L, ile alama ya madini ya risasi. Risasi huzuia mionzi, kwa hiyo herufi ilitakiwa ing'ae kama kioo. Ilikuwa na rangi ya moshi. Weusi ule haukutoka kwenye mashine. Nikatumbukiza kipimajoto kwenye developa, dawa inayoivisha picha: nyuzi 29. Dawa yangu ilitaka 20, kwa dakika 5.

Developa ikipata joto hivyo, inageuza kuwa fedha nyeusi hata chembe za filamu ambazo mionzi haikuzigusa. Sehemu nyeupe zinapanda weusi, sehemu nyeusi haziongezeki kwa kiasi hicho, na tofauti kati yake, yaani kontrasti, inakufa.

Ukihisi ukungu, yaani weusi huo usiotokana na mionzi ya mashine, kata kipande cha filamu mpya gizani. Nusu itie moja kwa moja kwenye fiksa, dawa inayoondoa chembe zisizoiva, nusu ipitishe kwanza kwenye developa. Ya pili ikiwa kijivu zaidi kidogo tu, ni kawaida. Ikizidi sana, rudia ukiwa umezima hata taa nyekundu. Ukungu ukitoweka, mkosaji ni taa. Ukibaki, ni dawa, au boksi la filamu limekaa kwenye joto au limepitwa na muda. Filamu ikiwa na utando kama maziwa, huo si ukungu; irudishe kwenye fiksa.

Barafu usiitie ndani ya developa, utaipunguza nguvu. Gandisha chupa za maji uziweke kwenye maji yanayozunguka tangi, ukoroge, upime tena. Kidole si kipimajoto. Na ile tabia ya kuchungulia filamu na kuitoa mapema kwa kuwa "imeshaiva" siikubali hata kidogo: inaficha kosa la mashine na kuharibu kontrasti kwa pamoja.

Kuna kosa la upande wa pili pia, filamu kukosa weusi wa kutosha. Pale mionzi ilipopita hewani tu, weka kidole nyuma ya filamu. Ukikiona, huenda developa imechoka au ni baridi, na kuongeza mAs hakutakuponya.

Hatua ya 3: Weusi urekebishe kwa mAs. Badiliko chini ya asilimia 30 jicho halilioni. Filamu ikiwa mbali sana na unachotaka, zidisha mara mbili au gawa kwa mbili.

Hatua ya 4: Kontrasti na upenyaji ni kilovolti. Mfupa ukiwa mweupe pe, hauna nyuzi ndani, ilhali pembeni ni giza, mionzi haikupenya. Pandisha kilovolti kwa asilimia 15, tuseme 60 hadi 69, na mAs ikate nusu, kwani ongezeko hilo peke yake hukaribia kuzidisha weusi mara mbili. Piga ngazi kwa namba zote mbili, uzilaze filamu sambamba: kwenye 69 vidato vinakaribiana rangi, ila vinavyoonekana ni vingi zaidi. Nyama laini nazipiga kwa kilovolti ya chini.

Hatua ya 5: Umbali kati ya mashine na filamu. Kutoka sentimita 100 hadi 180, mAs inahitaji kuzidishwa mara 3.2 hivi.

Namba zikikaa sawa, ziandike ukutani pamoja na joto la developa la siku hiyo. Bila hilo joto, namba hizo hazitakufaa Oktoba ijayo.