Kupanga Stempu za Makombe ya Baharini kwa Kufuata Mnyama

Mwongozo huu umeandikwa kwa mkusanyaji wa Kisumu au viunga vyake aliyepata bahasha kuukuu za dukani au za ofisini, na ambaye angependa kupanga stempu za makombe kwa kufuata mnyama badala ya nchi. Kupanga kwa nchi ni rahisi zaidi, lakini humtenganisha konokono mmoja na nduguye kwa kurasa nyingi bila sababu ya maana.

Hatua ya 1: Kubandua. Kata kipande cha bahasha ukiacha ukingo wa karatasi kuzunguka stempu ili meno yake yasidhurike. Kiloweke katika maji ya uvuguvugu hadi stempu iteleze yenyewe, kisha uikaushe kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, kwa maana gazeti huachia wino. Bahasha za rangi ziloweke peke yake. Stempu ambazo hazijatumika zisiguse maji kamwe. Huku kando ya ziwa, msimu wa mvua, unyevu wa hewa tu hutosha kuyeyusha gundi na kuzigandanisha, hivyo ziweke kwenye kurasa zenye mifuko na uisimamishe albamu wima.

Hatua ya 2: Kugawa makundi. Makundi matatu yanatosha: konokono wenye gamba moja, kama kauri, koni na tritoni, wenye magamba mawili, kama chaza na kombe kubwa la Tridacna, na jamaa ya pweza na ngisi, ambamo nautilus ndiye aliyebaki na gamba la nje.

Hatua ya 3: Kusoma jina kwa lenzi. Usiliamini jina lililochapishwa kabla ya kulikagua. Mfano bora uko nyumbani: mfululizo wa makombe uliotolewa na Kenya mwaka 1971, wenye thamani kuanzia senti 5 hadi shilingi 20. Stempu ya senti 70 ilitoka kwanza ikiwa na maandishi «Nautilus pompileus», na mwaka 1974 ikatolewa tena ikiwa imesahihishwa kuwa «Nautilus pompilius», kama Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyempa mnyama huyu jina, alivyoliandika mwaka 1758. Ile ya senti 50 nayo ilibadilishwa kutoka «Janthina globosa» kuwa «Janthina janthina». Picha ni zile zile, kwa hiyo mtu asiyesoma herufi huzitupa kwenye bahasha ya nakala za ziada, ilhali ni stempu nne tofauti, na kila moja inastahili mfuko wake.

Hatua ya 4: Kukagua upande wa mdomo. Itazame picha ukikadiria kwamba ncha ya gamba iko juu na mdomo wake unakuelekea. Kwa aina nyingi mno za konokono wa baharini, mdomo utakuwa upande wa kulia. Ukiuona kushoto, ama ni mojawapo ya aina chache zinazojipinda hivyo, ama mchoro umegeuzwa kama kwenye kioo. Rembrandt mwenyewe, mchoraji mashuhuri wa Uholanzi, alipochora koni kwenye bamba la shaba mwaka 1650, aliikumbuka sahihi yake akaiandika kinyume ili isomeke sawa ikichapwa, lakini gamba likatokea limepinduka. Stempu ya namna hiyo usiitoe. Iandikie maelezo, kwa sababu ndiyo itakayowafanya wageni wako wainame waangalie.

Hatua ya 5: Kuthibitisha makao. Si kila kombe lililo kwenye stempu huishi katika matumbawe ya nchi iliyoitoa. Nautilus hai hapatikani katika pwani ya Kenya. Anaishi mashariki zaidi, kwenye miteremko yenye kina ya miamba ya matumbawe, na akifa gamba lake, lenye vyumba vya gesi, huweza kuelea safari ndefu hadi ufukweni kwetu. Janthina naye, yule konokono wa stempu ya senti 50, hana mwamba kabisa: huning'inia chini ya chelezo cha mapovu anachokitengeneza mwenyewe, akipelekwa na upepo. Mimi huwatengea hawa ukurasa wao, ingawa wapo wanaoona huko ni kujisumbua.

Hatua ya 6: Kuandika maelezo. Tumia penseli laini, na uandike kabla stempu haijaingia mfukoni. Weka jina la kisayansi, makao, na jambo moja la maisha yake: tritoni mkubwa hula kiti cha pweza mwenye miiba anayeharibu matumbawe, koni aitwaye Conus geographus huwinda samaki kwa jino lenye sumu ambayo imewahi kuua watu. Mwaka na thamani viandike mwisho.