Kabla hujaripoti chuo kusoma sayansi, na kwenu wewe ndo wa kwanza

Kwetu Kisauni, Mombasa, mimi ndo wa kwanza kufika yunivasiti, nikisema chuo nyanya akidhani nimerudi madrasa kwa maalim, yaani hakukuwa na mtu wa kunitonya mapema.

Hizo wiki kabla ya kufungua toa tena vitabu vya fomu thri na fomu foo. Rudia logarithimu, trigonometria, kufungua mabano, manake kalkulasi, ile hesabu ya chuo, yenyewe si ngumu vile watu wasema, kinachoangusha ni aljebra na lekchara hatarudi nyuma, atasema hii mlifanya sekondari aendelee zake. Mimi CAT ya kwanza, ule mtihani mdogo wa ndani ya muhula, nilikuta sin x juu, x chini, nikakata x kwa x nikabaki na sin peke yake na nikaona nimemaliza kazi! Halafu kalkuleta jamani. Bonyeza sin 30, ikikupa 0.5 iko kwa digrii, ikikupa -0.988 iko kwa radiani, kipimo kingine cha pembe, na kalkulasi yataka radiani. Nimeona mtu amepiga swali zima sawa jibu likatoka la ajabu, kumbe ni hiyo D ndogo hapo juu ya skrini.

Kubwa zaidi, tafuta watu wa kusoma nao. Sisi tulotoka nyumba zisizo na mtu wa chuo tuna ugonjwa wa kujifungia, twaona ukiuliza watajua hujui. Marekani huko miaka ya 1970, Uri Treisman wa chuo kikuu cha California, Berkeley, alifuatilia wanafunzi wa kalkulasi akakuta weusi wengi wasoma kwa bidii lakini kila mtu kivyake, ilhali wale wa asili ya China wakishasoma wanakutana wanakosoana kazi. Hakuwaletea tuisheni ya mambo mepesi, aliwawekea maswali magumu wayapige pamoja, na alama zikapanda. Kwa hivyo tafuteni watu watatu wanne, kila mtu ajaribu mwenyewe kwanza ndo mkutane. Na kwa lekchara nenda na swali lenyewe, "hapa mstari wa tatu nimekwama", usiende na "sielewi kitu", na usingoje wiki ya kumi kama mimi.

HELB, ule mkopo wa serikali wa wanafunzi, omba dirisha likifunguliwa tu, na weka nauli ya mwezi wa kwanza kando sababu pesa huchelewa. Champali haziingii maabara, tafuta viatu vya kufunika na koti jeupe. Kama watoka ng'ambo ya Likoni na kipindi ni asubuhi, feri hainaga haraka na mtu.

Halafu nyumbani zungumza nao mapema. Mamangu akiniona na kitabu aona niko huru, natumwa dukani, leo harusi kesho hitma. Ikabidi nimuonyeshe taimtebo, nikamwambia mama hizi za maabara ni kama zamu ya kazi, ukikosa hairudiwi na ripoti yake ina alama. Akaibandika kwa friji. Wiki ilofuata ami yangu alikuja kunichukua nikamsaidie kuhamisha makochi, nikamsikia mama yuko mlangoni, "leo ana praktiko huyo, muache".