Dar hadi Maskati: kupata umbali na kusoma saa za ndege

Mama mdogo alikuwa anakwenda Oman kwa bintiye, akaniomba nimpangie safari. Umbali tuliupata kwa dakika mbili. Saa ndizo zilizotutoa jasho, na ndege ya kwanza ilimwacha.

Hatua ya 1: umbali

Fungua Great Circle Mapper, tovuti ya kupima umbali wa angani, andika DAR-MCT, yaani vifupisho vya viwanja vya ndege vya Dar na Maskati. Utapata karibu kilomita 3,970. Ramani ya kuendeshea gari haifai kabisa kwa kazi hii. Jibu likija kwa maili, angalia ni maili gani: ya baharini ni kilomita 1.852, ya nchi kavu ni 1.609.

Hatua ya 2: muda wa angani

Gawa kilomita hizo kwa 850, ambao ni mwendo wa kawaida wa ndege ya jeti kwa saa. Unapata saa 4 na dakika 40. Ongeza nusu saa ya kupaa, kutua na kuzunguka uwanjani: saa 5 na dakika 10. Kwa ndege ya mapangaboi gawa kwa 500. Ukiunganisha ndege, piga hesabu ya kila kipande peke yake.

Hatua ya 3: saa za tiketi

Hapa usiwe na haraka.

Tiketi ya mama mdogo iliandikwa 01:15. Akaisoma saa moja na robo, akajiandaa kufika uwanjani alfajiri. Lakini 01:15 ni saa saba na robo usiku! Saa moja na robo asubuhi ingeandikwa 07:15. Kanuni ninayoitumia: namba ya saa kwenye tiketi ikiwa kubwa kuliko 6, toa 6, ikiwa 6 au pungufu, ongeza 6. Ikizidi 18, toa 18. Kwa hiyo 14:00 ni saa nane mchana, na 20:30 ni saa mbili na nusu usiku. 00:40 inakuwa saa sita na dakika 40 usiku.

Bado kuna tarehe. Tiketi hubadili tarehe saa sita usiku. Ikiwa ni 01:15 ya Alhamisi, basi huo ni usiku wa kuamkia Alhamisi: unatoka nyumbani Jumatano jioni. Ukimwambia mzee "Alhamisi usiku" tu, atakuja siku nzima baadaye. Mimi sasa nawaandikia kwenye karatasi: "Toka nyumbani Jumatano, saa mbili usiku." Sitaji saa ya ndege kabisa, naona ndiyo njia salama kuliko zote.

Hatua ya 4: majira ya kila mji

Saa za tiketi ni za mji husika, na Maskati iko mbele ya Dar kwa saa moja. Tuseme unaondoka 01:15 na kufika 07:25. Tofauti ni saa 6 na dakika 10; toa moja, unabaki na 5 na dakika 10, sawa na hesabu yetu. Wakati wa kurudi, ongeza hiyo moja.

Oman haibadilishi saa zake mwaka mzima. London hubadilisha: Dar huwa mbele kwa saa 3 wakati wa baridi yao, na 2 wakati wa joto, kwa hiyo angalia tarehe kabla ya kujumlisha.